Ndege ya alfajiri: usiku wa kuamkia safari tulale wapi?

Msimu wa likizo unapokaribia, nyumba nyingi za mwambao huanza harakati za safari. Kuna wanaokwenda kuwatembelea jamaa Muscat na Dubai, na kuna wanaowapeleka watoto wakaone ulimwengu baada ya mwaka mzima wa masomo. Tiketi zimelipiwa kwa akiba ya miezi, pengine miaka. Halafu inatazamwa saa ya kuondoka: usiku wa manane, au alfajiri kabla jogoo hajawika.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo familia nyingi hulijibu dakika za mwisho: usiku huo tulale wapi? Baba huona hoteli ni kutupa pesa. Mama huona watoto hawatastahimili kukesha. Bibi huuliza hoteli ya nini na ilhali jamaa wamejaa Mombasa. Kila mmoja ana hoja yake. Lakini kabla ya kuamua, yako mambo yanayopaswa kueleweka, kwa sababu ndege haimngoji mtu, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi pesa abiria akichelewa.

La kwanza ni hesabu ya saa na tarehe. Tiketi hutumia saa za kizungu, na siku mpya ya tiketi huanza saa sita usiku. Sisi siku yetu huanza jua linapokuchwa. Mzee wa Amu akisema "usiku wa Jumamosi" huenda anakusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, na mjukuu wake akisema maneno hayo hayo anakusudia usiku wa siku ya pili yake. Watu wawili wa nyumba moja wanaweza kuafikiana kwa maneno na wakatofautiana kwa siku nzima.

Tuchukue mfano. Tiketi imeandikwa tarehe 15 Desemba, 00:45. Hiyo ni saa saba kasorobo usiku, usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa safari ya nje ya nchi abiria hushauriwa afike uwanjani saa tatu kabla. Kwa hivyo familia hii inatakiwa iwe uwanjani saa nne kasorobo usiku wa tarehe 14. Anayesoma "15" na kupanga kuondoka nyumbani jioni ya tarehe 15 atakuta ndege yake ilisharuka tangu usiku uliopita. Neno letu "kuamkia" linaondoa utata wote. Basi mnapozungumzia safari nyumbani, msiseme "usiku wa tarehe fulani", semeni "usiku wa kuamkia tarehe fulani".

Hoteli nayo ina hesabu yake, na ni kinyume cha tiketi. Tiketi hubeba tarehe ya asubuhi, hoteli hubeba tarehe ya jioni. Ndege ikiondoka saa kumi na moja alfajiri tarehe 15, chumba huwekwa kwa usiku wa tarehe 14, kuingia 14 na kutoka 15. Hata mkifika hotelini saa nane za usiku, yaani tayari ni tarehe 15, bado chumba mnachokihitaji ni cha tarehe 14. Mkiweka cha tarehe 15, mtaambiwa mapokezi kwamba chumba chenu kitakuwa tayari mchana, kwani hoteli nyingi huanza kupokea wageni saa nane mchana.

La pili ni masafa, na masafa ya usiku hayapimwi kwa kilomita peke yake. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 120. Familia ya Malindi yenye ndege ya saa kumi na dakika arobaini alfajiri katika uwanja wa Moi inapaswa kuwa pale kabla ya saa nane usiku. Ukihesabu njia ya Kilifi, msongamano wa Mtwapa na nafasi ya gurudumu kupasuka, itabidi watoke nyumbani kama saa nne usiku. Maana yake hakuna atakayelala, na dereva mwenyewe atakuwa anasinzia. Wakishuka Mombasa mchana na kulala karibu na uwanja, wanaweza kuingia kitandani saa mbili u nusu na kuamka saa saba. Hizo ni saa nne na nusu za usingizi. Kwa mtoto wa miaka mitatu au bibi mwenye shinikizo la damu, si jambo dogo.

Wanaotoka Amu hawana budi kulala njiani. Safari yao huanza kwa boti hadi Mokowe, kisha basi la mchana kutwa. Kujaribu kuunganisha basi hilo na ndege ya usiku huo huo ni kucheza bahati nasibu. Wa Ukunda na Kwale mambo yao yamekuwa mepesi tangu kufunguliwa barabara ya Dongo Kundu, kwani sasa wanaweza kufika upande wa uwanja bila kupita kivuko cha Likoni.

Wanaorukia Nairobi mara nyingi hutumia treni ya Miritini. Ile ya saa tisa alasiri hufika Syokimau usiku, na familia ikapata pa kulala kabla ya ndege ya asubuhi. Ile ya saa nne usiku hufika kabla ya alfajiri, na wengi huiona ni njia ya kuokoa pesa za chumba. Inafaa kwa ndege ya saa nne au tano asubuhi. Kwa ndege ya saa kumi na mbili haifai, kwani mashirika mengi hufunga kaunta saa moja kabla ya kuruka, na treni ikichelewa kidogo tu hamna pa kulalamikia.

La tatu ni mahali penyewe. Hoteli kuwa "Mombasa" au "Nairobi" hakutoshi. Hoteli za Nyali na Bamburi zinavutia, lakini kutoka huko hadi uwanja wa Moi ni kuvuka daraja la Nyali, kupita kisiwa kizima, na kutokea Makupa hadi Changamwe penye malori ya bandarini. Kwa usiku mmoja wa kulala na kuondoka, chumba cha kawaida upande wa Changamwe, Port Reitz au Miritini kina faida kuliko bwawa la kuogelea mtakaloliona gizani. Nairobi vivyo hivyo, tafuteni upande wa Embakasi, Syokimau au barabara ya Mombasa, si katikati ya mji. Kumbukeni pia kwamba kwenye lango la uwanja wa Jomo Kenyatta kuna ukaguzi. Wekeni muda wa foleni hiyo.

Kabla ya kulipa, pigeni simu hotelini na kuuliza mambo haya. Je, mapokezi yana mtu usiku kucha? Gari la hoteli la kwenda uwanjani lipo saa hiyo, na ni bure au hulipwa kwa kila kichwa? Watoto wangapi wanaruhusiwa chumba kimoja na wazazi, na kitanda cha ziada ni pesa ngapi? Kwa mzee asiyeweza ngazi, chumba cha chini kipo? Staftahi huanza saa ngapi? Nyingi huanza baada ya saa kumi na mbili, wakati nyinyi mko angani, kwa hivyo ombeni mfungiwe chakula cha kubeba, au ulizeni bei ya chumba bila chakula na mbebe mahamri yenu. Mkilipa kwa simu, tazameni jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Liwe la hoteli, lisiwe la mtu binafsi.

Lipeni deni lote jioni ili usiku mkabidhi ufunguo na kuondoka. Waambieni mapokezi wawaamshe, na mtege simu mbili, si moja. Dereva apatikane mapema, na awe na wa akiba. Familia ya watu sita na masanduku sita haiingii kwenye teksi moja ndogo, jambo ambalo wengi huligundua saa nane usiku barabarani.

Limebaki la jamaa, nalo ndilo zito. Kwetu sisi kulala hoteli ilhali shangazi yuko Kisauni ni kama kumtusi. Atauliza amekosa nini. Lakini tuseme kweli: nyumba ya jamaa usiku wa kuaga si mahali pa kulala. Wageni wataingia mmoja baada ya mwingine, biriani litapakuliwa saa tatu usiku, kahawa itapitishwa, na watoto wataungana na binamu zao hadi usiku wa manane. Kisha vitaletwa vifurushi: halua ya mjomba, achari ya binti fulani, bahasha iliyofungwa ya mtu msiyemjua vizuri. Uzito wa mzigo utapita kiwango, na mtafungua masanduku upya mbele ya kaunta. Kioevu kinachozidi mililita 100 hakiruhusiwi mkononi katika safari za nje, kwa hivyo achari na asali zitaishia kwenye pipa la ukaguzi zisipowekwa kwenye sanduku kubwa. Na kifurushi kilichofungwa usichokijua ndani yake usikichukue kwa hali yoyote, hata aliyekuleta akiwa nani, kwa kuwa atakayeulizwa ni wewe.

Njia ya adabu ipo. Nenda kwa shangazi mchana, kula chakula chake, pokea dua zake, na muage kabla ya magharibi. Mweleze mapema kwa simu, na aeleze mkubwa wa familia mwenyewe, si mtoto: "Shangazi, tutakuja kula kwako, ila usiku tutasogea karibu na uwanja kwa ajili ya bibi na watoto." Akitajiwa bibi ataelewa. Kama nyumba ya jamaa iko Changamwe kwenyewe na wenyewe hulala mapema, basi hoteli haihitajiki, na pesa hiyo wanunulieni watoto wake zawadi huko muendako.

Hoteli ya usiku mmoja si anasa, wala si lazima kwa kila mtu. Linganisheni bei ya chumba na bei ya tiketi zote za familia, kisha tazameni saa, njia na watu mlionao. Maji yakimwagika hayazoleki.