R.E.M.: Majina manne chini ya kila wimbo

Muziki wa "Everybody Hurts", wimbo wa mwaka 1992 uliowaliza watu dunia nzima, kwa sehemu kubwa ulitoka kwa Bill Berry, mpiga drami wa bendi ya R.E.M. Ukiusikiliza, muda mwingi humsikii Berry mwenyewe, maana mdundo unapigwa na mashine. Na ukitafuta mtunzi ni nani, unakuta majina manne kwa mpangilio wa alfabeti: Berry, Buck, Mills, Stipe.

Ndivyo walivyosajili nyimbo zao, wazo liwe la nani. Mapato ya utunzi yaligawanywa mafungu manne sawa, na mmoja akikataa jambo, jambo limekwisha. Watu husifu sauti ya Michael Stipe na gitaa la Peter Buck, na wanastahili. Lakini mimi naamini bila mgawo ule sauti hiyo na gitaa hilo tungevisikia miaka mitatu minne tu, kisha kesi mahakamani.

Walikutana Athens, mji wa chuo kikuu jimboni Georgia, kusini mwa Marekani. Buck alikuwa muuzaji katika duka la santuri, na Stipe, mwanafunzi wa sanaa, alikuwa haishi kufika dukani humo. Mike Mills wa besi na Berry walijuana tangu shuleni, kule Macon. Tarehe 5 Aprili 1980 walipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa kuukuu lililogeuzwa makazi.

Redio kubwa za biashara hazikuwa na haja na vijana wa namna hiyo. Waliowabeba ni wanafunzi waliokuwa wakiendesha redio za vyuo, wakicheza santuri walizozipenda wenyewe. Bendi nayo ikawafuata wasikilizaji hao mji kwa mji, ndani ya gari moja, ikipiga kwenye vilabu vidogo. Albamu yao ya kwanza, Murmur, ilitoka 1983. Maneno ya Stipe yalisikika nusunusu, na Buck alidonoa nyuzi moja moja badala ya kuunguruma. Jarida la Rolling Stone likaiteua kuwa albamu ya mwaka, mwaka uleule ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa imeshika dunia.

Baada ya albamu tano na kampuni ndogo ya santuri ya I.R.S., mwaka 1988 walihamia kampuni kubwa ya Warner Bros. Wengi walihofu kwamba fedha zingewabadilisha. Jibu lao, mwaka 1991, lilikuwa "Losing My Religion": wimbo ulioongozwa na mandolini, ala ambayo Buck alikuwa bado anajifunza, tena hauna kiitikio cha kawaida. Ulifika nafasi ya nne Marekani. Ushindi huo naupenda kuliko wote, kwa kuwa hawakupunguza chochote ili kuupata.

Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana alisema wazi kwamba aliwaheshimu kwa namna walivyoubeba umaarufu. Bendi ya Radiohead iliwatangulia jukwaani katika ziara ya 1995, na Thom Yorke wa bendi hiyo, umaarufu ulipomwelemea, alimgeukia Stipe kwa ushauri. Kwa kizazi hicho R.E.M. walikuwa ushahidi kwamba bendi inaweza kukua bila wenyewe kulana.

Ziara hiyohiyo ndiyo iliyowajaribu. Machi 1995, jukwaani Lausanne, Uswisi, mshipa ulipasuka kichwani mwa Berry. Alipasuliwa, akapona, akarudi kwenye drami. Mwaka 1996 wakasaini mkataba mpya na Warner, ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 80. Mwaka mmoja baadaye Berry aliomba kuondoka akalime, kwa sharti moja: kama kuondoka kwake kungeivunja bendi, angebaki. Wenzake walikubali, wakaendelea watatu, wakitumia wapiga drami wa kualikwa. Albamu za baadaye hazikufikia zile za mwanzo, ingawa Up ya 1998 ina uzuri wa huzuni ambao wakosoaji wengi waliupita haraka mno.

Septemba 2011 walitangaza kuacha, bila ugomvi, na wamekataa kuungana tena kwa ajili ya ziara. Juni 2024, walipoingizwa katika Jumba la Heshima la Watunzi wa Nyimbo jijini New York, Berry alikuwepo, na wote wanne walipiga "Losing My Religion". Heshima hiyo ilikuwa ya utunzi, na walioitwa jukwaani kuipokea ni wote wanne.