Kabla ya Kumlipa Mtabiri wa Soka

Raundi ya Ligi Kuu ya Uingereza ikianza na mechi ya mapema ya Jumamosi, vikosi vya Fantasy hufungwa dakika 90 kabla ya mpira kuanza. Kwa Kasese na Bwera hiyo ni saa saba mchana, mpaka Waingereza warudishe saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba; baada ya hapo huwa saa nane. Ukivuka daraja la mto Lhubiriha pale Mpondwe ukaingia Kasindi, ondoa saa moja, kwa kuwa Kongo ya mashariki iko nyuma ya Uganda. Muda wa kuamua ni ule ule pande zote mbili, na ndio muda ambao wauza ushauri wanautaka: mtu ana haraka, hajui amweke nani nahodha, na pesa iko kwenye simu.

Mchezo wenyewe, Fantasy Premier League, hauna kiingilio. Unapewa pauni milioni 100 za kubuni, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6, na nahodha wako huhesabiwa mara mbili. Timu zinazoshindana duniani kote ni zaidi ya milioni 10, na bingwa wa jumla hupata safari ya kutazama mechi Uingereza, si fedha mkononi. Fedha huingia pale marafiki wa kazini au wa kibandani wanapofungua ligi yao ndogo na kuchangishana.

Hapo ndipo hesabu ianzie. Tuseme vijana 12 wa Bwera wametoa shilingi 20,000 kila mmoja; mshindi wa msimu atabeba 240,000. Mmoja wao anaamua kumlipa mshauri 15,000 kwa mwezi. Msimu ni miezi kumi, kwa hiyo ametoa 150,000 juu ya mchango wake. Kama wote 12 wana uwezo sawa, angetarajia kushinda msimu mmoja katika kila 12. Ili ada ile irudi, ushauri lazima umfikishe kwenye kushinda misimu kama saba katika kila kumi. Sijui mshauri yeyote wa soka anayeweza kuahidi hivyo kwa haki, hata awe hodari namna gani.

Lakini wapo watu wanaoujua mchezo huu kwa kina, na wapo wanaofurahia kusoma uchambuzi wao kama wengine wanavyofurahia gazeti. Anayelipa kwa ajili ya hilo hajaibiwa. Cha kupima ni kama anachouziwa kinazidi kile ambacho tayari ni bure. Ukurasa rasmi wa mchezo unaonyesha majeruhi, bei, pointi za karibuni, hata asilimia ya timu zinazommiliki kila mchezaji. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alifunga mabao 29, akatoa pasi za mabao 18, akamaliza na pointi 344, rekodi ya mchezo. Mshauri aliyekuambia umpe Salah unahodha msimu ule alikuuzia jambo ambalo mamilioni walikuwa wanaliona.

Fantasy ina uzuri mmoja kwa mnunuzi: historia haifichiki. Kila timu ina namba yake, na kwa namba hiyo mtu yeyote anaweza kutazama pointi zake kila raundi na nafasi aliyomaliza misimu iliyopita. Mwombe mshauri namba ya timu yake kabla ya kumtumia hata shilingi. Akileta picha ya simu badala ya namba, mwache. Akileta namba yenye msimu mmoja mzuri tu, usiridhike haraka. Kati ya timu milioni 10, maelfu watapanda juu kwa bahati, na anayemiliki timu ishirini atakuonyesha ile iliyopanda. Tafuta misimu minne au mitano mfululizo ya timu ile ile.

Kwa wanaouza mikeka ya kubeti historia ya wazi namna hiyo haipo, na hapa ndipo vijana wetu wanapoumia zaidi. Fikiria mtu mwenye namba za simu 1,024. Nusu anawaambia timu fulani itashinda, nusu nyingine anawaambia haitashinda. Wiki inayofuata anaendelea na wale aliowaambia kweli tu, akiwagawa tena. Baada ya wiki tano wanabaki watu 32 ambao wameona akipatia mara tano mfululizo bila kukosea. Hao ndio wanaoombwa kulipia kundi la VIP. Yeye hajui lolote kuhusu soka, na wao wana kila sababu ya kumwamini.

Hata mtabiri mkweli anabanwa na hesabu ya mkeka mrefu. Mechi kumi zenye odi ya 1.50 kila moja hugeuza shilingi 1,000 kuwa 57,665. Inavutia. Ila mtu anayepatia mechi sita katika kila kumi za namna hiyo ataona mkeka wote umetiki takriban mara moja katika mikeka 165. Ametumia 165,000 kuzifuata 57,665. Na baadhi ya watabiri hulipwa na kampuni za kubeti kwa kila mteja anayejisajili kupitia kiungo chao, kwa hiyo wao wanapata hata wewe unapopoteza. Muulize hilo waziwazi.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza kubeti yeyote aliye chini ya miaka 25. Kijana wa miaka 19 anayeuziwa mkeka hapo Mpondwe siku ya soko anauziwa kitu ambacho haruhusiwi kukitumia.

Ukiamua kulipa, lipa mwezi mmoja, usilipe msimu. Andika kila ushauri na tarehe yake kabla ya mechi, kisha linganisha na timu ambayo ungeipanga mwenyewe. Na unapotuma kwa simu, soma jina la mwenye laini linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisipofanana na la anayejitangaza, katisha. Mpokeaji akishazitoa kwa wakala, kuzirudisha ni shida. Likifanana, hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na ahadi alizokuandikia, kwa sababu ukitapeliwa, polisi watakuuliza hivyo viwili kwanza.