Bustani za Alaska: Msimu Mfupi, Siku Ndefu

Wanafunzi wetu wanapokutana na maneno "majira ya baridi" vitabuni, wengi hudhani ni kipupwe kilichozidi kidogo. Wengine huuliza: watu wa kaskazini hupata wapi mboga? Tutazame bonde la Matanuska katika jimbo la Alaska, ambako mwaka 1935 serikali ya Marekani ilihamishia familia zipatazo 200 za wakulima.

Adui wa mkulima wa huko si baridi peke yake, bali pia uchache wa siku za kulimia. Jalidi, yaani baridi inayogandisha maji hata juu ya majani, huweza kuendelea hadi Mei na kurudi tena Septemba. Usiku mmoja tu wa jalidi hutosha kuua miche yote ya nyanya au maharagwe. Kwa hiyo mkulima husia mbegu ndani ya nyumba, chini ya taa, tangu Machi au Aprili. Kabla ya kupandikiza, huitoa miche nje saa chache kila siku ili izoee upepo na jua. Udongo nao hutandazwa plastiki ili upate joto. Nyanya na matango hukuzwa katika kitalu nyumba.

Hata hivyo, ufupi huo wa msimu una fidia yake. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima. Katika mji wa Palmer, mwezi Juni, mchana hufikia takriban saa 19, na kabichi hunufaika sana. Mwaka 2012, katika maonyesho ya mji huo, ilipimwa kabichi moja yenye kilo 62.7! Lakini mwanga huo huo huifanya spinachi itoe maua mapema, na majani yake huharibika. Mkulima hana budi kuchagua mbegu zinazostahimili siku ndefu.

Kwa upande wa matunda, miche ya stroberi hubaki ardhini majira yote ya baridi. Theluji huifunika kama blanketi; hatari huja pale baridi inapokuwa kali bila theluji.

Walimu wenzangu, hapo pana somo la tafsiri. Theluji huhifadhi, jalidi huua. Mwanafunzi anayeyatafsiri yote mawili kwa neno "barafu" humficha msomaji kile hasa ambacho mkulima anakiogopa.