NILIFUTA PROGRAMU, NIKAFUTA NA MADENI YA DADA

DADA yangu ana duka la steshenari pale Sinza, na mimi ndiye "mtaalamu wa kompyuta" wa familia. Cheo chenyewe sikukisomea. Nilipewa kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote nyumbani na siogopi kubonyeza vitufe. Basi mwaka jana yakanikuta, na leo nayamwaga hapa ili wewe msomaji usije ukaingia mkenge kama mimi.

Kompyuta ya dukani ilikuwa inajivuta kama lori la mkaa kwenye mlima. "Mdogo wangu, hebu itazame hii, wateja wananinunia," akasema dada. Kuitazama, nikakuta imejaa kila takataka: magemu ya watoto, antivairasi mbili zinazogombana, na programu ya zamani ya mahesabu ambayo dada alishaiacha, akahamia programu mpya ya kampuni ileile.

Nikaanza na njia ya Windows yenyewe. Mahali pa kuondolea programu pamo humo tangu Windows 95, ile ya mwaka 1995. Kwenye Windows 10 na 11 unaingia "Settings", kisha "Apps", unachagua jina, unabonyeza "Uninstall". Magemu yakaenda zake. Ile ya mahesabu nayo ikaenda, ila folda lenye jina la kampuni likabaki kwenye diski. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniwasha. Libaki kwa nini? Mimi nataka usafi!

Kwa taarifa yako, programu nyingi hazifutwi na Windows kwa mikono yake. Windows ni kama mjumbe wa nyumba kumi: ana orodha ya wakazi, ukimwambia fulani ahame, anakwenda kumgongea mlango. Anayefungasha vyombo ni mkazi mwenyewe, yaani kifutio kilichokuja na programu siku ulipoiinstoo. Akiwa mstaarabu, anaondoka na kila kitu. Akiwa mvivu, anaacha masufuria uani. Na mara nyingine anaacha makusudi: kazi ulizoziandika wewe hazigusi, maana huenda kesho ukamrudia.

Hilo la mwisho mimi wala halikunijia. Nikaenda kupakua programu ya nje, zile za kufutia programu nyingine. Ziko nyingi: Revo Uninstaller, Geek Uninstaller, BCUninstaller ambayo ni ya bure kabisa. Niliyoichukua mimi siitaji, kwani kosa lilikuwa la kidole changu.

Hizi zinamwita kwanza kifutio yuleyule. Akimaliza, zinapita nyuma yake zikipekua diski na rejista, lile daftari kubwa ambamo Windows na programu huandika mipangilio yake. Nyingine hata kama programu imeshaondoka, unaziandikia jina tu, zinaanza msako. Kisha zinakuletea orodha: haya ndiyo mabaki, nifute?

Sasa sikiliza vizuri. Sehemu kubwa ya msako huo ni kukisia kwa majina. Zikiona jina la kampuni, zinadhani ni mali ya marehemu. Kama kuna ndugu yake bado anaishi humo, zitajuaje?

Orodha ilikuwa ndefu kama ya wapiga kura. Nikasoma mistari mitatu, nikachoka. Nikachagua zote, nikafuta moja kwa moja, hata kwenye pipa la kompyuta sikupitishia. Nikajiona bonge la fundi, nikaagiza soda kwa gharama ya dada.

Asubuhi simu. "Wewe, mbona madeni siyaoni?"

Jamani, miguu iliisha nguvu. Kumbe ile programu mpya ilikuwa inatunza kumbukumbu zake kwenye folda lilelile la kampuni. Shule tatu zilikopa karatasi na wino wa mashine, na kila kitu kilikuwa humo. Nikakimbilia "System Restore" ya Windows. Ikarudisha rejista na mipangilio, lakini madeni hayakurudi, maana mafaili ya kazi si shughuli yake. Nakala ya kwenye flashi? Ya miezi minne nyuma. We acha tu.

Na kinachouma zaidi, yale mabaki wala hayakuwa yanaichelewesha kompyuta. Folda lililolala kwenye diski halili kitu zaidi ya nafasi. Waliokuwa wanaivuta ni zile antivairasi mbili na kundi la programu zinazoamka pamoja na kompyuta asubuhi. Hizo za kuamka unazizima kwenye "Task Manager", dakika tano tu. Antivairasi moja iligoma kuondoka kwa njia ya kawaida, na hapo nikajifunza kuwa McAfee, Norton na Avast kila mmoja ana kifutio chake maalumu cha bure. Kwa jambazi wa aina hiyo, dawa ni ya mwenye mali.

Je, za nje tuzitupe? Hapana. Kuna programu ambayo kifutio chake kimeharibika, ukibonyeza inakutolea macho. Microsoft wana kirekebishi chao cha bure cha tatizo hilo. Kikishindwa, ita ya nje, ila soma kila mstari na uwe na nakala ya kazi zako. Na ujue unampa mgeni funguo za vyumba vyote. Mwaka 2017 wahuni walipenyeza kirusi ndani ya CCleaner toleo la 5.33, nalo likatoka kwa watengenezaji wenyewe mpaka kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27. Hizo za kujidai zinasafisha rejista ili kompyuta ikimbie, Microsoft wenyewe wamesema hawaziungi mkono. Mimi nazipita kama sizijui.

Shule mbili zimelipa, tulikuwa na karatasi walizosaini kupokea mzigo. Mhasibu wa ile ya tatu anataka kuona kumbukumbu kamili. Dada amenikabidhi kesi hiyo, na kila Ijumaa niko kwenye benchi nje ya ofisi yake.