Seli Zinazokataa Kufa: Udhibiti wa Jeni za Kifo katika Saratani ya Matiti

Kila siku seli nyingi za mwili wa binadamu hufa, si kwa kujeruhiwa, bali kwa kujiua zenyewe kufuata utaratibu uliomo katika jeni zake. Utaratibu huo, ambao mwaka 1972 wanasayansi John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliupa jina la apoptosisi, ndio unaolirudisha titi katika hali yake mtoto anapoachishwa kunyonya, kwani seli zilizokuwa zikitengeneza maziwa husinyaa na kujigawa vipande vidogo, kisha vipande hivyo humezwa na seli nyingine bila kuacha kidonda. Saratani hupata nafasi pale seli iliyoharibika, ambayo ilipaswa kuondoka kwa njia hiyo, inapoendelea kuishi na kuzaana.

Kufa au kuishi kwa seli hutegemea mizani iliyopo kati ya jeni za ukoo mmoja. Baadhi yake, kama BCL2 na MCL1, hutengeneza protini zinazoilinda seli, ilhali nyingine, kama BAX na BAK, hutengeneza protini zinazotoboa utando wa nje wa mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati. Utando huo ukishatobolewa, protini iitwayo sitokromu c huvuja na kuchochea kazi ya kaspesi, ambavyo ni vimeng'enya vinavyokatakata protini nyingine mpaka seli ife.

Katika saratani nyingi za matiti jeni hizi za kifo bado zipo. Kilichovurugika ni amri zinazoziwasha na kuzizima. Mfano ulio wazi ni jeni ya TP53, ambayo protini yake, p53, huwasha BAX na jeni nyingine iitwayo PUMA pindi DNA inapoharibika. Jeni hiyo ina hitilafu katika takriban theluthi moja ya saratani za matiti, na katika aina ya hasi tatu, yaani ile isiyo na vipokezi vya estrojeni na projesteroni wala wingi wa protini ya HER2, hitilafu hiyo huonekana katika takriban asilimia 80 ya wagonjwa.

Pale HER2 inapozidi, amri huharibikia mahali pengine. Ishara zake huchochea kimeng'enya kiitwacho AKT, ambacho hubandika fosfeti kwenye protini ya FOXO3 na kuifanya itolewe nje ya kiini cha seli. Na kwa kuwa jeni ya kifo iitwayo BIM huitegemea FOXO3 ili iwake, jeni hiyo hubaki imezimwa ingawa yenyewe ni nzima. Zipo pia njia zisizogusa mpangilio wa DNA, kama vile molekuli ndogo ya miR-21, ambayo huwa nyingi katika saratani ya matiti na huzuia ujumbe wa jeni ya PDCD4, mojawapo ya jeni zinazozuia saratani, usigeuzwe kuwa protini.

Jeni ya BCL2 yaonyesha kwa nini haifai kuitazama jeni moja peke yake. Ingawa huilinda seli isife, wagonjwa ambao uvimbe wao una protini yake kwa wingi kwa kawaida huwa na matumaini makubwa zaidi ya kupona, kwa sababu BCL2 huwashwa na estrojeni, na kuwepo kwake ni dalili kwamba kipokezi cha homoni hiyo kinafanya kazi, hivyo uvimbe unaweza kudhibitiwa kwa dawa kama tamoksifeni.

Kwa hiyo kupima vipokezi vya homoni na HER2 katika kipande cha uvimbe kabla ya kuchagua dawa ni msingi wa tiba yenyewe: tamoksifeni hukizuia kipokezi cha estrojeni, trastuzumabu huikabili HER2, na saratani ya hasi tatu, isiyo na shabaha hizo mbili, huhitaji tiba nyingine, hasa kemotherapi. Mgonjwa anayepewa dawa bila kipimo hicho huenda akatibiwa kwa kuzibiwa njia ambayo saratani yake haiitumii.