Yatta: Bonde Lililogeuka Mgongo

Kutoka Machakos hadi Tsavo umelala mgongo wa mwamba, tambarare juu, wenye urefu wa karibu kilomita 300. Huo ni Uwanda wa Yatta, na hapo ulipo zamani palikuwa bondeni. Yapata miaka milioni 13 iliyopita, lava ilibubujika kutoka upande wa Bonde la Ufa, ikafuata bonde la mto wa kale kuelekea kusini-mashariki, ikapoa na kuwa jiwe gumu. Tangu hapo mvua imeila ardhi laini ya pande zote mbili. Iliyofunikwa na jiwe ikabaki, na bonde likawa juu.

Chini ya mgongo huo, upande wa magharibi, hupita Mto Athi. Hukusanya maji ya vilima vya Ngong na ya mito ya Nairobi, hushuka maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Kilimambogo, kisha hupinda na kuandamana na Yatta. Ukishakutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Karibu na pwani huitwa Sabaki, na huingia baharini kaskazini mwa Malindi.

Viboko na mamba hukaa kwenye vilindi vyake. Mikunga wa maji baridi nao hukulia humo, ingawa huzaliwa bahari kuu: wadogo hupanda mto kutoka Sabaki, na wakikomaa hurudi baharini kuzaa. Mlangoni mwa mto, flamingo na ndege wengine wa pwani hutafuta chakula topeni.

Lakini tope limezidi. Mvua ya Ukambani, eneo la Machakos, huja kwa kishindo baada ya miezi ya ukame, ikakuta miteremko mitupu. Udongo mwekundu husombwa hadi Malindi, bahari ikageuka kahawia, na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968 yakakosa mwanga.

Wakulima wa Machakos wana kinga yao: fanya juu. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, udongo hurushwa upande wa juu uwe tuta, na nyasi hupandwa ili zilishike. Maji hupunguza mbio na kuzama ardhini, na baada ya miaka shamba huwa ngazi. Matuta mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, majirani wakisaidiana shamba kwa shamba.

Yatta ilikingwa na lava. Mteremko wa shamba hukingwa na jembe, nyasi na ujirani. Anayetaka kuyaokoa matumbawe ya Malindi aanzie Machakos, kabla ya mvua za Novemba.