Yatembeapo macho, na fikra nazo zitembee

  

Ndugu Waislamu, likizo zinapokaribia familia nyingi hufunga safari, za karibu na za mbali. Wenye watoto au ndugu Ulaya huenda kuwazuru, na wafikapo huko hukutana na majengo makongwe yanayomfanya mtu asimame bila ya kutaka. Hapo ndipo huzuka swali nililoulizwa mara nyingi: je, inafaa Muislamu kuyastaajabia majengo ya wasiokuwa Waislamu, tena ya watu waliopata kututawala?

Jibu la vitabuni nilikuwa nalo siku nyingi. Qur'an Tukufu inatuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia, na katika Suratul Hajj tunafundishwa kuwa upofu ulio mbaya zaidi ni ule wa moyo. Masahaba walipoifungua Misri chini ya Amr bin Al-As (R.A.) waliyakuta mapiramidi ya mafirauni, nao waliyaacha yasimame. Kutazama, basi, si dhambi, na kukiri uzuri wa kazi ya mikono si kuikubali itikadi ya mwenye mikono. Hilo ndilo jibu la vitabuni. Jibu la moyoni nililipata mwaka jana nchini Uingereza, nikiwa na mwanangu mwenye umri wa miaka 15.

Paa lisilo na nguzo

Asubuhi ya kwanza jijini London tulifika katika kituo cha treni cha St Pancras, kilichofunguliwa mwaka 1868, enzi ya Malkia Victoria aliyetawala tangu mwaka 1837 hadi 1901. Paa lake la chuma na vioo ni kazi ya mhandisi William Henry Barlow. Lina upana wa mita 73 hivi, wala hakuna nguzo hata moja katikati. Mbele ya kituo imesimama hoteli ya matofali mekundu yenye mnara wa saa, iliyosanifiwa na George Gilbert Scott na kufunguliwa mwaka 1873. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni kasri la mfalme.

Mwanangu aliinua uso, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba, jengo hili ni zuri. Nikisema hivyo nakosea?"

Nilimwambia, "Hukosei. Lakini usiishie hapo. Uliza lilijengwa kwa nini, na nani alilipa."

Tukakaa kwenye benchi nikamweleza niliyoyasoma. Chini ya sakafu ya reli palikuwa na ghala la mapipa ya bia iliyoletwa kwa treni, na nafasi baina ya nguzo za ghala hilo zilipimwa kwa kipimo cha pipa. Kumbe utaalamu wote ule uliinamia biashara ya kinywaji! Tena, ili reli ipite, mtaa wa maskini ulioitwa Agar Town ulibomolewa mwaka 1866, na wapangaji waliotolewa hawakupewa fidia. Hata makaburi katika uwanja wa kanisa la jirani yalifukuliwa. Uzuri upo, wala hatuukanushi. Lakini uzuri huo una deni ndani yake, na macho peke yake hayalioni deni.

Lipo na funzo la pili. Katika miaka ya 1960 wajukuu wa wajenzi hao walikusudia kulibomoa jengo hili wakiliona kuukuu na la hasara. Kituo jirani cha Euston kilikuwa na lango kubwa la mawe, nalo lilianza kuvunjwa mwaka 1961 ingawa watu wengi walipinga. Majuto ya lango lile ndiyo yaliyowaamsha watu, na mwaka 1967 St Pancras ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Leo treni za kwenda Ufaransa huondokea hapo, hoteli imefunguliwa upya tangu mwaka 2011, na lile ghala la bia limekuwa ukumbi wa abiria na maduka. Kwa hiyo ukuukuu wa jengo peke yake haukuwa hoja ya kulivunja.

Sultani aliyetangulia

Sisi si watu wa kwanza kutoka pwani yetu kuyaona majengo hayo. Mwaka 1875 Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alizuru Uingereza, miaka 2 baada ya kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Habari za safari ile ziliandikwa kwa Kiarabu katika kitabu cha Zahir bin Said, mwandishi wake, na maana ya jina la kitabu hicho ni kuyatembeza macho na fikra. Tazama busara ya wazee wetu: hawakuyapeleka macho matembezini peke yake.

Mwaka 1883 Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari ya Unguja, jengo lenye nguzo za chuma na baraza pana ambalo kila mgeni alilishangaa. Basi majengo ya enzi ile si ya Ulaya tu. Na sisi tulikuwa na letu. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu 2 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jengo la kupendwa ambalo matengenezo yake huchelewa hulipiza kisasi kwa wasio na hatia.

Kuba ndogo ya Woking

Siku ya tatu tulipanda treni kutoka stesheni ya Waterloo hadi mji wa Woking, tukatembea kwa miguu mpaka Msikiti wa Shah Jahan. Ulijengwa mwaka 1889, nao ndio msikiti wa kwanza Uingereza kujengwa tangu msingi kwa ajili ya sala. Aliyeuanzisha ni Dkt. Gottlieb Wilhelm Leitner, mwanazuoni wa lugha za Mashariki aliyezaliwa Hungaria katika familia ya Kiyahudi, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwa Shah Jahan Begum, mwanamke Muislamu aliyetawala Bhopal huko India. Dada zetu wazingatie hilo. Msikiti ni mdogo, una kuba moja ya kijani na mapambo ya kupendeza, na ndani yake watu kadhaa tu huenea. Tulisali Adhuhuri, tukapunguza kwa kuwa ni wasafiri.

Baada ya sala mtu mmoja wa pale alituhadithia mapito ya msikiti ule. Dkt. Leitner alifariki mwaka 1899, na msikiti ukafungwa. Haukuwa na jamaa ya kuujaza wala mali ya kuuendesha, na warithi wake wakawa tayari kuuza eneo lile. Aliyeuokoa mwaka 1913 ni wakili kutoka Lahore, Khwaja Kamal-ud-Din. Yeye alikuwa katika Ahmadiyya, na sisi tunatofautiana naye katika itikadi. Lakini haki ya tarehe hainyimwi mtu: bila ya juhudi yake pengine pale leo pangekuwa na nyumba za kupangisha. Tangu mwaka 2018 msikiti huo umo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kwa sheria ya nchi ile.

Si mbali na hapo yapo makaburi ya Brookwood, ambako wamezikwa Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, ambao tafsiri zao za Qur'an kwa Kiingereza zimo katika nyumba nyingi za Waislamu. Tuliwaombea dua. Wakati tunarudi stesheni mwanangu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Baba, hawa wana msikiti wa mwaka 1889 na wanaulinda kwa sheria. Sisi wetu mbona tunauvunja?"

Nilikosa jibu. Azimio la kuuvunja msikiti wa mtaa wetu lilikuwa limepitishwa na kamati miezi 2 kabla ya safari, na saini yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu.

Liverpool: jengo kubwa na nyumba ndogo

Tulimalizia safari Liverpool. Katikati ya mji lipo jumba la St George's Hall, lililofunguliwa mwaka 1854, lenye nguzo kubwa za mawe na sakafu ya vigae zaidi ya 30,000. Msanifu wake, Harvey Lonsdale Elmes, alifariki mwaka 1847 akiwa kijana wa miaka 33, hakuliona likikamilika. Hapo pia niliuliza nani alilipa. Mji ule ulitajirika kwanza kwa merikebu zilizosafirisha watumwa wa Kiafrika mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1807, kisha kwa pamba, ambayo kwa miaka mingi ililimwa na watumwa wa Marekani. Qur'an inatueleza juu ya watu wa Nabii Hud (A.S.) walioinua majengo kwa ufahari huku wakiwakandamiza wengine. Mwenye kuzingatia atazingatia.

Mbali kidogo na jumba hilo tuliitafuta nyumba nambari 8, Brougham Terrace, nyumba ya kawaida iliyoungana na nyingine. Wakili William Henry Quilliam, mzaliwa wa mji huo, alisilimu baada ya kuzuru Morocco mwaka 1887, akaitwa Abdullah. Desemba 1889 aliifungua nyumba hiyo kuwa msikiti na kituo cha Waislamu. Walitoa gazeti, walisomesha, na walilea watoto waliokosa wa kuwalea. Mwaka 1908 Sheikh Abdullah aliondoka Liverpool, na jamaa ile ikatawanyika. Msikiti ukageuka ofisi ya serikali ya mji ya kusajili vizazi, ndoa na vifo. Miaka mingi ikapita kabla Waislamu wa huko hawajajikusanya kuikarabati, na sala ikarejea mwaka 2014.

Ndugu msomaji, misikiti hii miwili ilinifundisha jambo moja. Kuta zake hazikuanguka. Kilichoanguka ni watu na mapato. Jengo lisilo na watu wa kulihudumia wala wakfu wa kulilisha hufa likiwa limesimama.

Msikiti wetu

Msikiti wa mtaa wetu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Babu wa baba yangu alikuwa miongoni mwa waliochoma chokaa yake. Paa linavuja, na siku ya Ijumaa nusu ya watu husali barabarani juani. Kamati iliazimia kujenga jengo la ghorofa 3, chini fremu za maduka, ili kodi imlipe imamu na walimu wa madrasa. Nia ilikuwa njema, na bado naiona njema. Woking ni ushahidi kwamba msikiti usio na mapato hufungwa.

Niliporudi niliomba azimio lirejeshwe mezani. Tulimwita fundi mzee wa chokaa akapiga kuta kwa nyundo yake ndogo, chumba kwa chumba. Akasema kuta ni nzima. Kinachoziozesha ni plasta ya saruji tuliyoipaka sisi wenyewe miaka ya karibuni, maana saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, na chokaa huuacha utoke. Nyuma ya msikiti kipo kiwanja, nacho ni wakfu, ambacho leo kina banda la kupikia tu. Nikapendekeza fremu na ukumbi wa kuongezea safu vijengwe hapo, na msikiti wa wazee ukarabatiwe kwa chokaa.

Si wote waliopendezwa. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Sheikh, umerudi na akili za Wazungu." Nikamjibu kwa adabu: "Mzee wangu, Sayyidna Umar (R.A.) alipoifanya ardhi yake ya Khaybar kuwa wakfu kwa agizo la Mtume (S.A.W.), isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, Malkia Victoria alikuwa bado hajazaliwa kwa zaidi ya miaka elfu." Alicheka, lakini hakuniahidi kura yake. Kikao kipo mwezi ujao. Natija siijui, ila saini yangu nimeiondoa, na mwanangu nimemwambia kwamba swali lake ndilo lililoiondoa.

Basi enyi wazazi, mkisafiri na watoto waacheni washangae. Wakishamaliza kushangaa, waulizeni mambo matatu: jengo hili lilijengwa kwa ajili ya nini, nani alilipa kwa jasho lake, na nani analitunza hivi sasa? Kisha, mkirudi nyumbani, muwe tayari kuulizwa na wao maswali hayo hayo juu ya msikiti wenu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho yenye kuzingatia, atuhifadhie misikiti yetu na wakfu zetu, na awarehemu waliotujengea kabla yetu. Amin. Wallahu aalam.